Thelathini na Mmoja

Kazi yangu ni kuhesabu.
Maua nawaachia waliolipia kuyaona.
Mimi nahesabu vichwa: kofia za sufu, mvi,
upara wa mzee Kinjiro unaong'aa kama sahani ya kauri.
Bendera yangu ya manjano nimeifunga soksi ya mtoto
isifanane na ya kundi jingine.
Mwaka jana watatu walifuata bendera ya watu wa Osaka,
wakala chakula chao cha mchana,
wakarudi wakikisifu.

Thelathini na mmoja.

Wametoka bonde ambalo theluji bado imekalia mapaa,
wakulima wa mpunga, wastaafu,
wanaodunduliza mwaka mzima kwenye kopo la chai
wapate siku tatu za machipuko
kabla machipuko hayajawafikia kwao.
Ndiyo maana tunashuka kusini: kuyalaki njiani,
kama umlakivyo stendi mgeni
usiyeamini kwamba ataijua nyumba.

Yoshino, saa tatu asubuhi.
Micheri imepanda mlima kwa zamu:
ya chini imeshamwaga, ya kati imefunguka,
ya juu ingali imekunja ngumi.
Wengine husema wingu. Mimi sioni wingu.
Naona mvuke wa wali,
nyumba elfu zimefunua sufuria kwa mpigo mmoja,
na sauti zinajishusha zenyewe,
hata ya Bi Mitsuyo, ambaye tangu Nagoya
mdomo wake haujapata likizo.

Hekaluni wanavua viatu.
Jozi thelathini na moja. Nimehesabu.
Sakafu ya mbao ina baridi ya kisima.
Mtawa kijana anaeleza karne baada ya karne;
Shigeo, aliyekuwa seremala, hasikilizi,
anagonga nguzo kwa kidole, anatega sikio,
anatikisa kichwa
kama daktari aliyeridhika na kifua cha mgonjwa.

Saa sita. Maturubai ya buluu chini ya miti,
vijiboksi vya chakula, sake kidogo kwenye vikombe vya karatasi.
Thelathini.
Nahesabu tena.
Thelathini.

Bi Tokie, miaka themanini na mmoja, koti la zambarau.
Nimetafuta vyooni, dukani kwa zawadi,
nimechungulia hata kingo za genge, roho mkononi.
Nikamkuta nyuma ya duka la tambi,
mikono ndani ya pipa la achari ya figili
hadi viwikoni,
mwenye duka amechuchumaa kando yake,
wanabishana kuhusu chumvi.

"Kilomita mia nane, Bi Tokie! Kuja kuona figili?"
Hakuinua uso.
"Maua yanajua kuanguka bila mimi.
Hizi zisipogeuzwa leo, zinaoza."

Jioni alipanda basi amebeba kifurushi chenye harufu
iliyotukalia sote mapajani.
Hamanaka, dereva, alikuwa ndiyo kwanza anaamka, kofia usoni.
Miaka kumi na tisa anawaleta watu kwenye micheri
na kuilala, kwa kuwa usiku njia ni yake peke yake.
Basi alikuwa ameliegesha chini, penye miti iliyomwaga.
Kioo cha mbele kilikuwa kimefunikwa, chote,
na ndani mlikuwa na giza jepesi, la waridi,
kama ndani ya kope uelekeapo jua.

Akanyoosha mkono kuwasha waipa.
"Subiri kwanza," Bi Tokie akamwambia,
akamkatia kipande cha figili, akamsogezea kiti.

Hakuna aliyesema kitu. Figili ililia menoni mwake.
Nikasimama katikati ya viti, kidole hewani:
thelathini na wawili.
Nikarudia kutoka nyuma,
nikitafuta nilipokosea.

Tuliondoka tumechelewa dakika kumi na nne.
Kwenye ripoti niliandika: foleni ya magari.